Nane Nane: viwanja vinane, mikoa ishirini na sita, na shamba linalopandwa kinyumenyume

Konda wa daladala mjini Morogoro akipaza sauti "Nane Nane! Nane Nane!", hataji tarehe. Anataja kituo. Mbeya ni hivyo hivyo, kuna stendi na soko la Nane Nane, na Dodoma abiria anayeshuka stendi kuu ya mabasi anashukia Nane Nane, awe amekuja kuona mahindi au kumzika mjomba. Jina la sikukuu limegeuka kuwa jina la mahali, na mahali penyewe kwa miezi mingi ya mwaka ni uzio mrefu, mageti yaliyofungwa na mabanda yenye maandishi ya halmashauri yanayopaukia juani.

Ndiyo maana watu wengi wanaijua Nane Nane nusunusu. Wanajua ni tarehe 8 Agosti, wanajua ni sikukuu ya wakulima, wanajua kuna pilau na vumbi. Ukiwauliza kwa nini mkulima wa Tanga anapelekwa Morogoro na si Arusha, au "kitaifa" ina maana gani wakati maonesho yako kila kona, au yale mahindi mabichi yanayosimama wima katikati ya kiangazi yametoka wapi, majibu yanaanza kugongana. Tulifungue fundo hili taratibu.

Tuanze na tarehe, kwa sababu hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza ulipo. Zamani siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba. Tarehe 7 Julai 1954 ndiyo TANU ilipozaliwa, na kwa kuwa TANU ilijitambulisha kuwa chama cha wakulima na wafanyakazi, siku ya kuzaliwa kwa chama ikawa pia siku ya mwenye jembe. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, ikawa vigumu siku ya chama kimoja kuendelea kubeba wakulima wa vyama vyote na wasio na chama. Katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1990 mkulima akapewa siku yake, mwezi mmoja na siku moja mbele. Saba Saba ikabaki sikukuu, ila sura yake ikawa ya biashara: yale maonesho makubwa ya kimataifa ya Dar es Salaam, Barabara ya Kilwa, yanayosimamiwa na TanTrade, mamlaka ya serikali ya kuendeleza biashara.

Na kama vile hilo halitoshi kuchanganya watu, uwanja wa Saba Saba wa Dar es Salaam unaitwa kwa jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na uwanja wa Nane Nane wa Morogoro nao unaitwa kwa jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Ukisoma mwaliko unaosema tu "tukutane Viwanja vya Mwalimu Nyerere", tazama mwezi kwanza.

Kuhama kutoka Julai kwenda Agosti kulikuwa na sababu ya kisiasa, lakini kwa mkulima kulileta faida ya msimu. Sehemu kubwa ya nchi, kuanzia Dodoma na Singida hadi Mbeya, Ruvuma na Lindi, ina msimu mmoja wa mvua: inaanza karibu na Novemba, inaisha Aprili au Mei. Kufika Agosti mahindi yamevunwa, yamepukuchuliwa, mengine yameuzwa. Mkulima ana nafasi, na mfukoni ana kitu. Mvua ijayo iko miezi mitatu mbele, na mbegu na mbolea ya msimu huo bado hajanunua. Hakuna wiki nyingine katika mwaka ambayo mkulima yuko huru hivyo kuamua msimu ujao atapanda nini. Kwa hiyo si ajabu kwamba tarehe 8 Agosti 2022, pale Mbeya, ndiyo siku Rais Samia Suluhu Hassan aliyozindulia mpango wa ruzuku ya mbolea. Tangazo la namna hiyo likitolewa Januari linakuta watu wameshapanda.

Ramani ya kanda

Tanzania Bara ina mikoa 26 na viwanja vikuu vya Nane Nane vinane. Kila kiwanja kinahudumia kanda, na kanda ni mikoa kadhaa iliyofungwa pamoja.

Kanda ya Kati ni Dodoma na Singida, uwanja wao uko Nzuguni, nje kidogo ya jiji ukitokea Dar es Salaam. Kanda ya Mashariki ni Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Tanga, wanaokutana Morogoro. Kaskazini ni Arusha, Kilimanjaro na Manyara, kwenye viwanja vya Themi kule Njiro. Kusini ni Lindi na Mtwara, kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi. Magharibi ni Tabora na Kigoma, Ipuli, kwenye viwanja vinavyoitwa Fatma Mwasa kwa heshima ya aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa wa Tabora. Kanda ya Ziwa ilipozidi ukubwa ikagawanywa: Mwanza, Geita na Kagera wakaenda Nyamhongolo kule Mwanza; Simiyu, Mara na Shinyanga wakapata Nyakabindi, Bariadi. Mgawanyo huu unasomeka vizuri ukikumbuka kwamba Simiyu na Geita zenyewe ni mikoa iliyozaliwa mwaka 2012. Mkoa mpya hutafuta ofisi, hospitali ya rufaa, na uwanja.

Kubwa kuliko zote ni Nyanda za Juu Kusini: Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Iringa, Njombe na Ruvuma. Mikoa saba, uwanja mmoja, John Mwakangale pale Uyole, uliopewa jina la mwanasiasa wa TANU wa enzi za kupigania uhuru. Halmashauri ya Mpanda ikipakia ng'ombe kwenye lori kwenda Uyole inasafiri zaidi ya kilomita 500 kupitia Sumbawanga. Halmashauri ya Chamwino kwenda Nzuguni ni kama kwenda sokoni.

Zanzibar ina mambo yake. Ina wizara yake ya kilimo na viwanja vyake, Dole Kizimbani kwa Unguja na Chamanangwe kwa Pemba, na haimo katika hesabu ya kanda za Bara.

Sasa, neno "kitaifa". Watu hudhani kuna uwanja wa taifa wa Nane Nane kama ulivyo uwanja wa taifa wa mpira. Kitaifa ni hadhi inayohama. Maonesho hufanyika kwenye kanda zote kwa wakati mmoja, kwa kawaida kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, lakini uwanja mmoja huteuliwa kubeba kilele, ambako viongozi wakuu wa nchi huenda. Hadhi hiyo haihami kila mwaka. Katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa Ngongo, Lindi. Kuanzia 2018 hadi 2020 ikawa Nyakabindi. Mwaka 2022 na 2023 ilikuwa Mbeya, na 2024 ikahamia Nzuguni.

Kwa nini uwanja mmoja ushike hadhi miaka miwili au mitatu mfululizo? Nenda Nyakabindi utazame. Kabla taasisi haijajenga banda la tofali na kuchimba kisima, inataka uhakika kwamba mwakani banda hilo halitakuwa limekaa bila kazi. Hadhi ya kitaifa ikija, vinakuja umeme, maji, barabara za ndani na vyoo. Ikiondoka, inaviacha. Kwa macho yangu huo ndio urithi halisi wa kilele, kuliko hotuba.

Mwenye kiwanja ni nani

Hili swali limewahi kuchoma watu. Kwa miaka mingi viwanja vya Nane Nane viliendeshwa na TASO, chama cha kilimo kilichoratibu maonesho, kugawa maeneo na kukusanya ada za washiriki. Baadaye serikali ikachukua usimamizi, na sasa kazi ya kuandaa iko zaidi mikononi mwa sekretarieti za mikoa ya kanda husika pamoja na halmashauri zake.

Ugumu wake unaeleweka ukipiga hesabu ndogo. Maonesho ni siku nane. Mwaka una siku 365. Zinabaki siku 357 ambazo eneo kubwa, tambarare, lililo kando ya barabara kuu na lenye maji, linakaa karibu tupu ndani ya mji unaokua. Kila mtu analitamani: mwenye kutaka stendi, mwenye kutaka viwanja vya makazi, mwenye kufunga harusi, mhubiri wa mkutano wa injili. Uwanja ulipowekwa ulikuwa nje ya mji, mji ukaufuata. Nzuguni leo ina stendi kuu na Soko la Job Ndugai kwa jirani. Nguvu inayozuia uwanja wa namna hiyo usimegwe si uzio tu. Ni zile ekari za nyuma ya mabanda, na hapo ndipo penye kiini cha mambo yote haya.

Shamba linaloanzia mwisho

Mgeni akiingia getini anaona mabanda. Halmashauri zimejipanga kwa mikoa, JKT na Magereza wana maeneo yao yaliyopangwa kwa nidhamu inayokufanya uone aibu ya bustani yako, benki zinagawa kofia, SIDO ya viwanda vidogo na VETA ya ufundi stadi wameleta mashine za kukamua alizeti na kupukuchua mahindi, na pembeni kuna wauza sufuria, dawa za mitishamba na bembea za watoto. Wapo wanaolalamika kwamba sufuria zimeimeza Nane Nane. Mimi sina ugomvi na sufuria. Mama aliyefuata sufuria akapita kwenye banda la TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, akaona chakula cha kuku ni mama aliyeona chakula cha kuku.

Ila jambo lenyewe liko nyuma. Linaitwa vipando: vitalu vidogo vya mazao hai, kila kimoja na kibao chake. Mahindi, mpunga kwenye majaruba, mtama, alizeti, migomba, nyanya juu ya miti, mbogamboga za kila aina. Na hapo panahitaji maelezo, kwa sababu Agosti ni kiangazi. Nje ya uzio nyasi zimekauka. Ndani kuna mahindi yaliyobeba. Si muujiza, ni kalenda inayosomwa kinyumenyume.

Mkulima wa kawaida anaanza na mvua kisha anahesabu kwenda mbele hadi mavuno. Afisa kilimo wa vipando anaanza na tarehe 1 Agosti na kuhesabu kurudi nyuma. Mchicha unahitaji wiki nne hivi, basi unamwagwa mwanzoni mwa Julai. Mahindi ya muda mfupi ya siku 90 yanapandwa mwishoni mwa Aprili au Mei ili yafike Agosti yakiwa na gunzi la kuonekana. Lakini hesabu hiyo ni ya sehemu za joto kama Ngongo au Morogoro. Uyole iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai ni baridi inayopenya koti. Baridi huchelewesha mahindi: mbegu za nyanda za juu huchukua miezi mitano hadi sita, na usipozipanda mapema, kwenye Machi hivi, Agosti utaonesha majani. Kwa sababu hiyo kipando kizuri hupandwa kwa awamu, mistari michache kila baada ya wiki mbili, ili mgeni aone zao moja katika umri tofauti kwa wakati mmoja. Na yote hayo ni kwa maji ya kumwagilia, maana mvua zimeshakatika. Ukikuta kipando kimedumaa, mara nyingi udongo hauna kosa: fedha za halmashauri zilitoka Juni.

Mifugo nayo ina kalenda yake, kali zaidi, kwa sababu ng'ombe hawezi kuchelewa kuchanjwa akawahi kupata kinga. Kukusanya ng'ombe, mbuzi na kuku kutoka wilaya kumi na kuwafunga jirani kwa wiki nzima ni njia rahisi mno ya kusambaza homa ya mapafu au ugonjwa wa miguu na midomo. Kwa hiyo kabla ya lori kuondoka kuna chanjo, ukaguzi wa daktari wa mifugo na kibali cha kusafirisha.

Kibao kinasema nini

Kipando kinafundisha, na kinaweza kudanganya bila mtu yeyote kukusudia.

Mwaka mmoja nilisimama mbele ya mahindi yaliyonona kwenye kipando cha taasisi moja, nikamuuliza kijana aliyekuwa zamu yanatoa kiasi gani. "Gunia thelathini kwa ekari, mzee." Nikamuuliza wamepimaje. Akacheka, akaniambia imeandikwa kwenye mfuko. Sikumlaumu, lakini nilitoa kalamu.

Mahindi yakipandwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mche mmoja kila shimo, ekari inaingia karibu mimea 18,000. Gunia thelathini za kilo 100 ni kilo 3,000. Gawanya, kila mche unadaiwa gramu 167 za punje kavu. Gunzi moja zuri linaweza kutoa hizo. Lakini hesabu inataka magunzi mazuri 18,000, pasipo hata shimo moja lililokosa kuota, pasipo mche ulioliwa na viwavijeshi, pasipo ng'ombe wa jirani. Kwenye kipando hilo linawezekana, kwa sababu shimo likikosa linarudishiwa kesho yake na kuna mlinzi. Shambani kwako ni habari nyingine.

Halafu kuna ukubwa. Kitalu cha mita 5 kwa 5 ni mita za mraba 25, na ekari ina zaidi ya 4,000. Ukikosea kupima kilo moja tu kwenye kitalu hicho, ukikuza hadi ekari umekosea kilo 160, gunia na nusu. Na katika mistari saba ya kitalu hicho, miwili iko pembeni, inakopata jua na hewa zaidi ya wenzake wa katikati, ndiyo maana hunenepa. Watafiti huacha mistari ya pembeni wanapopima. Mgeni hupiga picha nayo, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na njia.

Basi mbele ya kipando uliza yale ambayo yatakufaa nyumbani: kilipandwa tarehe gani, kiliwekewa mbolea gani na mara ngapi, kilimwagiliwa mara ngapi kwa wiki, na mbegu hiyo imeidhinishwa kwa mwinuko gani. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloturudisha kwenye ramani.

Kanda zimechorwa kwa mipaka ya mikoa. Mazao hayasomi mipaka ya mikoa. Kyela iko mkoa wa Mbeya, kwa hiyo mkulima wake wa mpunga anakwenda Uyole, kupanda milima kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa ulio chini ya mita 600 hadi mahali anapotetemeka, kutazama viazi mviringo na ngano. Kipando cha mpunga kinachofanana zaidi na bonde lake kiko Morogoro, kwenye mita kama 500. Lushoto iko mkoa wa Tanga, kwa hiyo mkulima wa kabichi na viazi wa Usambara anashushwa Morogoro kwenye joto, wakati Themi, Arusha, iliyo zaidi ya mita 1,200, ingemwonesha vitu vinavyoweza kuota kwake. Mkulima wa Mpanda naye anakwenda Uyole, ingawa hali ya hewa ya kwao inaelekeana zaidi na Tabora.

Waandaaji wanajua hivyo, na ndiyo maana vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, huja na vipando vya mazao yao popote vinapoalikwa: Naliendele na korosho, Ukiriguru na pamba, Makutupora na zabibu, Kihinga na michikichi, Maruku na migomba. Hiyo inasaidia kuliona zao. Haisaidii kujua litafanyaje kwenye udongo na baridi yako, kwa kuwa mkorosho uliopandwa kwenye ndoo ukapanda basi hauna cha kukwambia kuhusu ukungu wa Uyole.

Hakuna sheria inayomfunga mkulima kwenye uwanja wa kanda yake. Mkulima wa Lushoto, banda la halmashauri yake litakuwa Morogoro, diwani wake atakuwa Morogoro, fulana za bure zitagawiwa Morogoro. Geti la Themi linamfungukia kama mtu mwingine yeyote. Mtu wa Lushoto akipanga kwenda, ashuke kupitia Mombo, na afike tarehe 2 au 3 Agosti, kabla kilele hakijaleta misafara na vipando havijakanyagwa. Siku hizo za mwanzo wataalamu bado wana sauti, na wana muda wa kumwambia walipanda lini.